Ukumbi wa Tudor Usiozima Skrini Mchezo Unapokwisha

Kumbi nyingi za kuonyesha mpira hapa Mombasa hufanana katika jambo moja. Mchezo ukimalizika tu, skrini huhamishiwa mchezo unaofuata, na kijana wa mlangoni huanza kudai ada mpya kwa wale ambao hawajanyanyuka vitini. Ukumbi ninaoutathmini hapa, ulioko Tudor juu ya safu ya maduka, hauna bango wala jina rasmi, lakini una desturi ambayo sijaiona kwingine mjini: picha huachwa iendelee mpaka makocha wawili wakutane uwanjani na kupeana mikono, na kabla ya hapo hakuna anayeruhusiwa kuigusa rimoti. Mwenye ukumbi ni mwalimu mstaafu aliyefundisha timu za shule za sekondari kwa miaka mingi, na wateja wote, wakubwa kwa wadogo, humwita Mwalimu. Huonyesha ligi ya Uingereza kama wenzake, ila kilichompatia wateja wa kudumu ni futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, ile inayochezwa kwa kofia ngumu na mabega yaliyojazwa sifongo.

Msomaji anaweza kushangaa kwa nini mtu wa Pwani alipe ili atazame mchezo asioujua, na jibu langu ni kwamba mchezo huu huonyesha jambo ambalo kandanda yetu hulificha. Katika kandanda tuliyoizoea, makocha wawili husimama upande mmoja wa uwanja, hatua chache baina yao, na kufikia dakika ya tisini huwa wamekwisha kusemezana, kununiana na pengine kutaniana. Katika futiboli ya vyuo, kila benchi huwa upande wake, kwa hiyo makocha hutazamana kwa mbali kwa zaidi ya saa tatu. Saa ya mchezo inapofika sifuri, kila mmoja hulazimika kuingia uwanjani kwa miguu yake, akipenya katikati ya wachezaji, wapiga picha na mashabiki, mara nyingi akisindikizwa na askari wa jimbo, ili amfikie mwenzake. Hakuna adhabu kwa asiyekwenda, ni desturi tu, na kwa sababu hiyo kamera humfuata kila kocha tangu hatua ya kwanza na uso wake kuonekana wazi kabla hajapata muda wa kuutengeneza.

Mwalimu hulieleza hili vizuri kwa wageni, na ni ustadi wake kuanza na mfano ambao kila mtu ukumbini anaukumbuka. Agosti 14, 2022, Chelsea na Tottenham walitoka sare ya 2-2 pale Stamford Bridge, na Thomas Tuchel, kocha wa Chelsea wakati huo, akaung'ang'ania mkono wa Antonio Conte wa Tottenham kwa kuwa Conte aliutoa huku macho yakiangalia kwingine. Wote wawili walionyeshwa kadi nyekundu. Baadaye Tuchel alitozwa faini ya pauni 35,000 na Conte pauni 15,000. Ukishaikumbuka picha hiyo, huhitaji kujua sheria za yadi na majaribio manne ili uelewe kinachotokea upande wa pili wa Atlantiki.

Kiini cha huduma hii, hata hivyo, si mechi za moja kwa moja bali ni kipindi cha Jumatano baada ya sala ya Isha, ambapo Mwalimu huonyesha vipande vya mechi za zamani na kuvijadili pamoja na hadhira. Kwenye ukuta nyuma ya skrini ameandika kwa rangi ya buluu methali ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili anaijua, kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na mara nyingi mazungumzo yake hurudi hapo. Hapa ndipo ninapotofautiana naye, na nadhani kanda zake mwenyewe zinaniunga mkono: methali hiyo inamdai aliyeshindwa peke yake, ilhali katika vipande vingi anavyovionyesha aliyeanza kuharibu mambo ni aliyeshinda.

Kipo kipande kimoja ambacho hakina ubishi. Desemba 29, 1978, huko Jacksonville, Florida, Ohio State walikuwa nyuma kwa pointi 17-15 dhidi ya Clemson katika Gator Bowl, mchezo wa heshima wa baada ya msimu, na dakika chache kabla ya mwisho Charlie Bauman wa Clemson akaudaka mpira uliorushwa kwa ajili ya mchezaji wa Ohio State, kisha akaangushwa nje ya mstari, mbele ya benchi la wapinzani. Kocha Woody Hayes, mwenye umri wa miaka 65 na ambaye alikuwa ameiongoza timu hiyo tangu 1951, alimshika kijana yule na kumpiga ngumi. Kesho yake alifutwa kazi. Hapo methali ya ukutani inamhusu Hayes neno kwa neno, na Mwalimu hukisimamisha kipande hicho na kuwaacha watu wakitazame kimya kimya.

Kipande kinachofuata ni tofauti kabisa. Novemba 14, 2009, Stanford waliwaendea USC, yaani Chuo Kikuu cha Southern California, mjini Los Angeles na kuwafunga 55-21. Wakiwa tayari wanaongoza 48-21 katika robo ya mwisho, kocha wa Stanford, Jim Harbaugh, hakuridhika na teke la pointi moja ambalo ndilo la kawaida baada ya kufunga, bali aliiagiza timu yake ijaribu pointi mbili. Jaribio lilishindikana, lakini ujumbe ulikuwa umefika. Walipokutana uwanjani, Pete Carroll, kocha wa USC, alimwuliza ana shida gani, naye Harbaugh akamrudishia swali lilelile, na mikono ikaachiana. Mwalimu huwaeleza wasikilizaji jambo ambalo mtangazaji wa kawaida hulipita: wakati ule hapakuwa na mfumo wa mchujo wa kumpata bingwa kama wa sasa, na nafasi ya timu katika orodha ya kitaifa ilitegemea kwa kiasi kikubwa kura za waandishi na za makocha wenyewe, kwa hiyo kocha alikuwa na kishawishi cha kurundika pointi ili kuwavutia wapiga kura. Ni maelezo mazuri, yanayoonyesha kwamba hasira ya kwenye kupeana mikono huwa imepikwa mapema, katika dakika ambazo mshindi alikuwa na hiari ya kupunguza kasi. Lakini baada ya kuyasema hayo yote, siku niliyohudhuria, Mwalimu alimlaumu Carroll kwa kukasirika. Mzee mmoja wa safu ya mbele alimpinga kwa adabu, akamwambia kuwa anayemkanyaga mtu aliyekwisha kuanguka hana haki ya kudai salamu njema, na sehemu kubwa ya ukumbi ikapiga makofi.

Mwalimu hutoka nje ya futiboli pale anapoona inafaa, na uamuzi wake wa kuingiza mpira wa kikapu wa vyuo ni sahihi. Februari 20, 2022, Wisconsin waliishinda Michigan 77-63. Zikiwa zimesalia sekunde 15 na Wisconsin wakiongoza kwa pointi 15, kocha wao Greg Gard aliomba muda wa mapumziko, kwa maelezo kwamba wachezaji wake wa akiba walikuwa wakibanwa na Michigan waliokuwa bado wanakaba uwanja mzima. Juwan Howard, kocha wa Michigan, aliona kwamba amedharauliwa. Katika mstari ambao timu mbili hupanga baada ya mchezo ili kupeana mikono, alijaribu kumpita Gard, Gard akamzuia kwa mkono ili amweleze, maneno yakazidi, na mwishowe Howard akampiga kichwani mmoja wa wasaidizi wa Wisconsin. Alisimamishwa kwa mechi tano na kutozwa dola 40,000, naye Gard akatozwa dola 10,000. Wapo waliopendekeza mistari hiyo ifutwe kabisa, na Tom Izzo, kocha wa Michigan State, akawa miongoni mwa waliolipinga wazo hilo waziwazi. Mjadala wa kipande hiki ndio uliokuwa bora kuliko yote, kwa sababu hukumu si rahisi: Howard alistahili adhabu nzito kuliko ya Gard, lakini kila mchezaji wa mitaani aliyekuwemo ukumbini alielewa jinsi mapumziko yanayoombwa zikiwa zimesalia sekunde 15 yanavyochoma mtu aliyekwisha kushindwa.

Kisha huja Novemba 30, 2024, Michigan walipowashangaza Ohio State 13-10 katika uwanja wa Ohio State wenyewe, wakajaribu kuisimika bendera yao katikati ya uwanja, na mapigano yakazuka hadi polisi wakatumia dawa ya kuwasha. Kila chuo kilitozwa dola 100,000. Sina la kuongeza hapo, isipokuwa kwamba bendera, kwa mara nyingine, ilikuwa mikononi mwa mshindi.

Kasoro kubwa ya kipindi hiki ni uteuzi wa kanda. Mtu akihudhuria Jumatano mbili tatu atatoka akiamini kwamba makocha wa Marekani hukutana uwanjani ili kugombana, ilhali kila Jumamosi ya msimu makumi ya makocha hupeana mikono kwa sekunde chache, wakanong'onezana neno na kuachana. Mambo ya kawaida hayavuti wateja, naelewa, na Mwalimu ana kodi ya kulipa. Hata hivyo vipo vipande vizuri visivyo na ngumi. Nilimpendekezea fainali ya kitaifa ya Januari 10, 2022, Georgia walipoifunga Alabama 33-18. Kirby Smart wa Georgia alikuwa msaidizi wa Nick Saban, aliyekuwa kocha wa Alabama, kwa miaka mingi, akiisimamia safu ya ulinzi ya Alabama kabla ya kurudi chuo alichosoma, na tangu aondoke alikuwa hajawahi kumshinda mwalimu wake, kikiwemo kipigo cha 41-24 alichopata mwezi mmoja tu kabla. Walipeana mikono bila kelele. Baadaye, katika kikao na waandishi, Saban aliwazuia wachezaji wake wawili, Bryce Young na Will Anderson, wasiondoke kwanza, akasema kwamba mchezo mmoja haupaswi kutumiwa kuwapima. Kanda hiyo ingewafundisha makocha wetu wa mashindano ya mitaa, ambao wakishindwa humkimbilia refa kabla ya kumtafuta mwenzao, kitu ambacho ngumi ya Woody Hayes haiwezi kuwafundisha. Mwalimu aliniahidi kuitafuta.

Kuhusu huduma nyingine nitasema kwa ufupi. Kiingilio ni shilingi 50 kwa mechi ya Uingereza na 100 kwa ya Marekani, kwa M-Pesa au taslimu, na Jumatano ni bure kwa anayenunua kinywaji. Kahawa tungu ni nzuri na haipoi, viazi karai huja na ukwaju wa kutosha, lakini kaimati nilizopewa zilikuwa za mchana na zimekwisha kukauka. Viti ni vya plastiki, na mechi inayochukua saa tatu na nusu juu ya kiti cha plastiki ni adhabu isiyo na rufaa. Feni ni chache mno kwa joto la Januari. Wanawake hukaribishwa na kuheshimiwa, na nimewaona mabinti wanaocheza kandanda wakiuliza maswali makali kuliko wanaume, ila choo ni kimoja na mlango wake haufungi vizuri, jambo ambalo si la kusubiri. Umeme ukikatika jenereta huchukua muda kuwaka, na intaneti ya baada ya hapo husuasua hadi picha hukwama, nayo ni hasara kubwa zaidi katika ukumbi unaouza sekunde za mwisho.

Wateja wapya wazingatie pia saa. Mechi za mchana wa mashariki ya Marekani huanza saa moja usiku kwa saa zetu hadi mwanzoni mwa Novemba, kisha husogea hadi saa mbili wenzetu wanaporudisha saa zao nyuma. Zile za alasiri huanza saa nne na nusu au saa tano na nusu usiku, na za jioni yao huingia alfajiri yetu, wakati ukumbi umefungwa. Skrini ni mbili, na mchezo wa jioni wa ligi ya Uingereza hugongana na ule wa kwanza wa Marekani, hivyo mashabiki wa Arsenal na wa Manchester United huchukua viti vya mbele mapema na hawatoki kwa ombi wala kwa shukrani. Anayetaka kuwaona Ohio State na Michigan Jumamosi ya mwisho ya Novemba afike mara baada ya Magharibi, amlipe kijana wa mlangoni, na achague kiti cha upande wa kushoto, karibu na dirisha, ambako feni moja inafika.