Siku moja Burren: msafiri wa peke yake hana kiti

Siku yangu ya kwanza kutembelea mashamba ya Ireland nilipanda basi la watalii kutoka mji wa Galway kwenda Burren, eneo la mawe ya chokaa huko magharibi, na majabali ya Moher yaliyo kando ya bahari, na ingawa kampuni yenyewe sitaitaja, sina budi kueleza nilivyotendewa. Niliwahi makusudi ili nipate kiti cha mbele upande wa kushoto, penye dirisha pana. Nilipokwisha kufunga mkanda, wakapanda mume na mke waliochelewa, na dereva, ambaye ndiye pia mwongoza wageni, akanionyesha kwa kidole gumba nihamie nyuma kabisa, upande wa kulia, juu ya gurudumu. Nilipouliza sababu, alijibu bila hata kunitazama: "Wewe uko peke yako, kwako ni mamoja." Nami nililipa nauli ile ile waliyolipa wao!

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mtu huyo anaijua kazi yake. Tulipofika Poulnabrone, kaburi la mawe yaliyosimamishwa na kufunikwa kwa bamba moja kubwa, alitueleza kwamba limezitangulia piramidi za Giza, kule Misri, kwa zaidi ya miaka 1,000, na kwamba wachimbuaji wa mwaka 1986 walikuta humo mifupa ya watu zaidi ya 30, wakiwamo watoto wachanga. Kisha akapiga magoti, akatuonyesha majani mabichi yaliyojificha ndani ya nyufa za mawe ya chokaa, akasimulia jinsi wafugaji wa huko wanavyopandisha ng'ombe milimani wakati wa baridi badala ya kuwateremsha, kwa kuwa mawe hayo huhifadhi joto la kiangazi. Papo hapo niliazimia kumpa nyota nne.

Moher, mita 214 juu ya Bahari ya Atlantiki, tuliona ukungu mtupu, jambo ambalo simlaumu mtu.

Lakini wakati wa kurudi tulishika barabara ya pwani kupitia Fanore, ukungu ukatoweka, na bahari yote, pamoja na visiwa vya Aran, ikawa upande wa kushoto. Wale wawili walikuwa wamelala fofofo kwenye kiti changu, midomo wazi, ilhali mimi natazama kuta za mawe na visogo vya watu. Tuliposhuka Galway, dereva alisimama mlangoni na kofia ya bakshishi, akiwa na tabasamu ambalo asubuhi hakuwa nalo. Sikutia hata senti, na zile nyota nne zimebaki moja.

Anayesafiri peke yake na apande basi la abiria namba 350, ambalo hutoka Galway na kupita Ballyvaughan na Doolin hadi Moher, na ambamo kiti ni cha aliyewahi. Ubaya wake ni kwamba halifiki Poulnabrone, na kwa ajili ya maelezo yale ya mawe, Mungu anisamehe, huenda nikalipanda tena basi la bwana yule.