Nyota Waliojua Kusikiliza: Uzoefu Wangu na Filamu za Zamani za Hollywood

Mwigizaji simpimi kwa maneno anayoyasema, bali kwa namna anavyokaa mwenzake anapozungumza. Nimekuwa mtazamaji wa filamu za Hollywood za miaka ya 1940 hadi 1960 kwa muda mrefu, na kila ninapoirudia ile ninayoipenda, jicho langu humwendea yule aliyenyamaza. Steringi wengi wa siku hizi wanajua kupigana, kukimbia na kujibu upesi. Wale wakubwa wa zamani walijua kusikiliza, na waongozaji wao walikuwa na subira ya kuiacha kamera usoni mwao mpaka mtazamaji aone wazo likizaliwa. Tathmini hii nimeiandika kwa kipimo hicho, na kipimo hicho hicho ndicho kilichonifanya nizipunguzie alama baadhi ya filamu zilizopigwa hapa kwetu Afrika Mashariki.

Naanza na Casablanca ya mwaka 1942, iliyoongozwa na Michael Curtiz. Wengi huikumbuka kwa ajili ya Humphrey Bogart na koti lake la mvua, nami simnyimi haki yake, lakini ninachokirudia ni uso wa Ingrid Bergman akiwa ameketi tu. Mhusika wake, Ilsa, anamwomba Sam, mpiga piano wa mkahawa, amwimbie wimbo wa siku zao za Paris. Dooley Wilson anapoanza kuimba, kamera inakwenda kwa Bergman na kukaa hapo kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea, macho yake yanalowa bila chozi kudondoka, na tunaijua habari yote ya mapenzi yake kabla filamu haijatusimulia hata nusu yake. Wilson katika maisha yake alikuwa mpiga dramu na mwimbaji, wala hakujua kupiga piano, kwa hiyo muziki wa vidole vyake ulipigwa na mtu mwingine. Sauti ni yake mwenyewe, na bila upole wa sauti ile uso wa Bergman usingekuwa na cha kusikiliza.

Katika filamu hiyo hiyo kuna tukio ambalo kila anayeipenda atakutajia. Maofisa wa Kijerumani wanaimba kwa kujigamba, Victor Laszlo, mume wa Ilsa na mpinzani wa Wanazi, anaiendea bendi na kuitaka ipige wimbo wa taifa wa Ufaransa, na wanamuziki wanageuka kumtazama Rick, mwenye mkahawa, kabla ya kugusa vyombo vyao. Bogart anaitikia kwa kichwa, kidogo sana, na maisha ya mtu aliyekuwa akijidai kwamba hayamhusu mambo ya vita yanabadilika hapo. Waliokuwa wakiimba mbele ya kamera hawakuwa wote wageni wa jambo hilo. Madeleine Lebeau, yule msichana anayeimba huku analia, alikuwa ameikimbia Paris mwaka 1940 pamoja na mumewe Marcel Dalio, ambaye naye anacheza katika filamu hiyo. Conrad Veidt, anayecheza ofisa mkuu wa Kijerumani, alikuwa Mjerumani aliyeihama nchi yake pamoja na mkewe Myahudi baada ya Wanazi kushika madaraka. Ukiyajua hayo kabla ya kutazama, wimbo ule utakugusa kwa namna nyingine kabisa.

Hata hivyo, filamu ninayoiweka juu ya zote ni The Best Years of Our Lives ya mwaka 1946, kazi ya William Wyler. Inahusu wanaume watatu wanaorudi mji mmoja wa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili na kukuta nyumba zao zimeendelea na maisha bila wao. Urefu wake unakaribia saa tatu, na kwa maoni yangu hakuna dakika ya kukata. Mmoja wa hao watatu, baharia Homer, alichezwa na Harold Russell, mwanajeshi wa kweli aliyepoteza mikono yote miwili katika ajali ya mafunzo mwaka 1944 na ambaye hakuwa mwigizaji wa kazi. Alipewa tuzo mbili za Oscar kwa nafasi hiyo moja, heshima ambayo hakuna mwigizaji mwingine aliyewahi kuipata.

Mpiga picha wa filamu hiyo, Gregg Toland, alikuwa na ufundi wa kuonyesha kilicho karibu na kilicho mbali kwa uwazi ule ule, na Wyler aliutumia kufanya jambo ambalo sijaliona likifanywa vizuri zaidi popote. Karibu na sisi, katika baa, Homer anapiga piano kwa vyuma vilivyochukua nafasi ya mikono yake, na watu wanamfurahia. Mbali kabisa, karibu na mlango, rafiki yake Fred amejifungia katika kibanda cha simu, anamwambia msichana anayempenda kwamba hawataonana tena. Katikati yao amesimama Al, baba wa msichana huyo, ambaye ndiye aliyemtaka Fred aachane na binti yake, na sasa inambidi acheke na kusifu piano huku anageuza macho kuelekea kwenye simu. Hatusikii neno hata moja la mazungumzo yale. Fredric March, anayecheza Al, anatufanya tuyasikie kwa kugeuza shingo tu, na kila ninapolitazama tukio hilo namhurumia baba, namhurumia kijana, na bado nashindwa kusema nani alikosea.

12 Angry Men ya mwaka 1957 ilitengenezwa New York, si Hollywood yenyewe, lakini nyota wake Henry Fonda ni wa kizazi kile kile na siwezi kuiacha nje. Wazee kumi na wawili wa baraza la mahakama wamefungiwa chumbani siku ya joto kali, nao wanatakiwa waamue kama kijana mmoja atahukumiwa kifo. Kumi na mmoja wamekwisha kata shauri. Fonda hapigi kelele hata mara moja pale ambapo mtu angetegemea apige. Anauliza, halafu anasubiri jibu kwa uso wa mtu anayelihitaji kweli jibu hilo. Hiyo ilikuwa filamu ya kwanza ya Sidney Lumet kuiongoza kwa ajili ya sinema, naye alipanga kamera ianze juu ya usawa wa macho, ishuke kidogo kidogo hadi chini yake, huku akibadilisha lenzi ili kuta zionekane zinawasogelea. Si lazima uyatambue hayo. Utayahisi kifuani, kwa sababu dakika tisini na sita zile zinabana. Haikupata Oscar hata moja kati ya tatu ilizoteuliwa, na naona hilo ni pungufu la tuzo, si la filamu.

Roman Holiday ya mwaka 1953 naitaja kwa ufupi, si kwa sababu ni ndogo, ila kwa sababu uzuri wake uko mwishoni na sitaki kumharibia mtu ambaye hajaiona. Itoshe kusema kwamba Audrey Hepburn na Gregory Peck wanasimama mbele ya umati wa waandishi wa habari, wanasemezana maneno ya kawaida ya hadhara, na kila neno lina maana ya pili ambayo wawili hao tu wanaijua. Hepburn alikuwa na miaka ishirini na minne alipopokea Oscar kwa nafasi hiyo. Peck, ambaye tayari alikuwa na jina kubwa, ndiye aliyetaka jina la msichana huyo asiyejulikana lipewe nafasi sawa na lake, na kwa hilo pia nampenda.

Sasa nije kwetu. The African Queen ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston, hadithi yake inatokea katika Afrika Mashariki ya Wajerumani vita vilipoanza mwaka 1914, na ilipigwa Uganda, ikiwemo Butiaba kwenye Ziwa Albert, na pia Kongo, ingawa sehemu za majini zenye hatari zilimaliziwa studio Uingereza. Meli ya Kijerumani inayosimuliwa humo inafanana sana na ile halisi ya Graf von Götzen, iliyoletwa Kigoma vipande vipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikahudumu Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba. Bogart alipata Oscar yake pekee kwa filamu hii, naye aliistahili, lakini mbele ya Katharine Hepburn (si yule Audrey), anayecheza mmisionari aliyepanda mashua yake, anakuwa mwanafunzi. Baada ya kumtukana akiwa mlevi, anaamka na kukuta mama huyo anamwaga pombe yake mtoni, chupa baada ya chupa, kisha anakaa kusoma na kumnyima neno. Ukimya ule wa Hepburn una nguvu kuliko hotuba yoyote, na Bogart anaubembeleza kwa kila njia mpaka anasalimu amri.

Uzuri wote huo haunizuii kuona kasoro yake. Waafrika wanatokea mwanzoni kama waumini wanaovuruga wimbo wa kanisani, kijiji chao kinachomwa moto, wao wanaswagwa, na filamu inawaacha hapo na kufuata wazungu wawili mtoni. Hakuna aliyewauliza kitu, na vita ile ilikuwa juu ya ardhi yao. Huston, aliyejua kusubiri uso wa Hepburn useme, hakusubiri hata uso mmoja wa wanakijiji wale. Inaniuma zaidi kwa sababu filamu naipenda.

Ndivyo ilivyo pia kwa Mogambo ya mwaka 1953 ya John Ford, iliyopigwa Kenya, Tanganyika na Uganda. Clark Gable anarudia humo nafasi aliyoicheza mwaka 1932 katika Red Dust, na ninayemtazama zaidi ni Ava Gardner, ambaye aliteuliwa kuwania Oscar kwa mara moja tu maishani mwake, nayo ilikuwa kwa filamu hii; macho yake anapogundua kwamba Gable amemgeukia Grace Kelly yanatosha kuilipia filamu nzima. Kuhusu Hatari! ya mwaka 1962, Howard Hawks aliwapeleka John Wayne na wenzake Momella, Arusha, akawaacha wakimbizane na faru na twiga kwa magari, wao wenyewe. Matukio hayo bado yanasisimua kuliko ujanja wowote wa kompyuta, na mandhari ya Mlima Meru ni furaha kwa yeyote anayeijua Arusha. Hardy Krüger, mmoja wa waigizaji, aliipenda sehemu ile hata akanunua shamba huko na kuishi. Lakini kwa dakika mia moja hamsini na saba, watu wa Tanganyika wako ndani ya magari na kando ya mazizi wakitumwa, na kamera haisimami kuona mmoja wao anafikiri nini. Filamu ilitoka miezi michache baada ya Uhuru wa Desemba 1961.

Ndiyo maana Sidney Poitier ni nyota wangu wa kwanza katika wote. Mwaka 1957 alicheza Kimani katika Something of Value, filamu ya Richard Brooks kuhusu Kenya ya Mau Mau, iliyotengenezwa wakati hali ya hatari bado inaendelea nchini humo. Hadithi imeegemea upande wa mlowezi na sikubaliani na mengi yake, lakini mlowezi anapompiga Kimani kofi, Poitier hajibu, na uso wake unabeba yote ambayo hadithi imekataa kuyasema. Miaka kumi baadaye, katika In the Heat of the Night, tajiri mzungu wa Kusini mwa Marekani anampiga kofi tena, na safari hii linarudishwa papo hapo. Tazama filamu hizo mbili kwa kufuatana, kama nilivyofanya, nawe utaona mwigizaji yule yule, shavu lile lile, na ulimwengu uliosogea. Rod Steiger alipewa Oscar kwa filamu hiyo ya pili na Poitier hakuteuliwa, ingawa alikuwa ameshapata yake mwaka 1964 kwa Lilies of the Field, mtu mweusi wa kwanza kuipata ya mwigizaji bora wa kiume. Kabla yake alikuwepo Hattie McDaniel, aliyeshinda mwaka 1940 kama mwigizaji msaidizi na kuketishwa usiku ule ule kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wazungu. Kwa Wakenya kuna jambo jingine la kumkumbukia Poitier: mwaka 1959 aliweka jina lake, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, kwenye barua ya kuchangisha fedha za kuwasafirisha wanafunzi wa mpango wa Tom Mboya kwenda kusoma Marekani.

Kuhusu nakala za kununua au kukodi, iepuke Casablanca iliyotiwa rangi mwaka 1988, kwa kuwa vivuli vya usoni mwa Bergman vimefutwa na rangi hizo. The African Queen itafute ile iliyosafishwa upya na kutolewa mwaka 2010, maana nakala za kabla ya hapo zimefifia sana. Washa maandishi ya chini, hata kama Kiingereza chako ni kizuri, kwa sababu Bogart humeza maneno. Filamu zilizowekewa sauti ya msimulizi wa Kiswahili, ambazo nazifurahia sana zikiwa za mapigano, hazifai kwa hizi. Msimulizi hujaza kila pengo, na kilicho bora katika filamu hizi kimo katika mapengo. Ukiwa na jioni moja tu, chukua 12 Angry Men. Ukiwa na Jumapili nzima, anza na The Best Years of Our Lives mchana, umalizie na Poitier usiku.