Kisigino kinauma: kunyoosha unyayo au kubeba mzigo ngazini?

Unaamka asubuhi, hatua ya kwanza tu inakuchoma kisiginoni kama umekanyaga msumari. Mara nyingi mkosaji ni fashia ya unyayo, utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi vidoleni.

Unaweza kuunyoosha. Unakaa, mguu unaupandisha juu ya goti la pili, unavuta vidole kuelekea ugokoni. Ukiupapasa utando kwa kidole gumba unausikia umekaza kama kamba. Sekunde 10, mara 10, na zoezi zima mara 3 kwa siku. Hata kwenye daladala inawezekana. Jirani akishangaa, shauri yake.

Au unaubebesha mzigo. Unasimama kwa mguu mmoja ukingoni mwa ngazi, taulo iliyokunjwa chini ya vidole ili vibinuke. Unainua kisigino kwa sekunde 3, unatulia 2, unakishusha kwa 3. Ukizoea, unavaa mkoba wenye vitabu mgongoni. Ni siku moja kazi, siku moja pumziko, na inachosha kwelikweli.

Watafiti wa Denmark walizipambanisha njia hizi kwa wagonjwa 48, wote wakiwa na soli maalumu viatuni, wakachapisha matokeo 2014. Baada ya miezi 3, kundi la mzigo lilikuwa na nafuu kubwa zaidi. Baada ya miezi 12, tofauti ilikuwa imeyeyuka.

Mimi ningeenda ngazini, maana kuchechemea miezi kadhaa si mchezo. Bibi mwenye magoti mabovu simpeleki huko. Yeye anyooshe tu.