Mwongozo wa kulipia au wa bure: akiba ya chakula cha dharura

Kwa gharama, wa bure umeshinda, hakuna ubishi. Wa kulipia hujitetea kwa mpangilio: jedwali tayari, orodha ya manunuzi ya kila mwezi, ratiba ya kuzungusha akiba (kula cha zamani kwanza, kuweka kipya). Asiye na muda wa kuokoteza taarifa huku na kule, hapo analipia kitu halisi.

Kwenye kuaminika ndipo penye kazi. Kabla ya kulipa, omba kurasa za mfano, utafute zinasemaje kuhusu mchele. Mweupe, mkavu, ukifungwa kwenye mfuko wa foili wenye vifyonza oksijeni (vipakiti vidogo vinavyoondoa oksijeni ndani ya mfuko), unaweza kukaa hadi miaka 30. Wa kahawia una mafuta, huanza kuchacha baada ya miezi 6 hivi. Mwongozo unaoipa yote miwili umri mmoja, achana nao. Tazama pia unyevu: chakula chenye zaidi ya asilimia 10 kikifungwa bila oksijeni kinaweza kuzalisha sumu ya botulini. Wengi huliruka hili (na ndilo linaloua).

Kisha piga hesabu. Kilokalori 2,000 kwa siku ni 60,000 kwa mtu mmoja kwa siku 30. Anayehesabu "milo" badala ya kalori huenda anaficha upungufu.

Masahihisho? Wa bure wa idara za maafa husahihishwa mtandaoni. Faili ulilonunua hubaki lilivyo, isipokuwa muuzaji ameahidi matoleo mapya.

Akiba ya siku 3 hadi wiki 2, wa bure unatosha. Ya miezi kadhaa, nyumbani kukiwa na mtoto mchanga au mwenye kisukari, wa kulipia uliofaulu jaribio la mchele unaweza kurudisha fedha yake.