Nipeli za Grisi kwa Mashine Kuukuu za Shamba: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Beringi nyingi za haro, trela na mashine za kukatia majani hazifi kwa uzee. Zinakufa kwa kukosa grisi. Nipeli, yaani kichwa kidogo cha chuma ambacho grisi huingizwa kupitia kwake, imeziba; mtu anasukuma bomba la grisi mara mbili, grisi inatokea pembeni, naye anahamia nipeli inayofuata akidhani kazi imekwisha. Nipeli ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa kwenye mashine, lakini ukinunua isiyolingana na tundu lake unaharibu nyuzi (mikato ya kufungia, kama ya skrubu), na kazi ya spana moja inageuka kazi ya kutoboa upya.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kuwa nipeli ndiyo iliyoziba. Futa kichwa chake vizuri, kisha bonyeza kigololi cha katikati kwa ncha ya msumari mwembamba. Kikishuka na kurudi, springi bado inafanya kazi. Sasa ifungue, ichomeke kwenye mdomo wa bomba ikiwa nje ya mashine, usiielekeze mkononi wala usoni, halafu sukuma. Grisi ikipita, nipeli ni nzima, na kizibo kiko kwenye njia ya kuelekea kwenye bushi (mkono wa chuma ambamo pini huzunguka), ambako grisi ya miaka imekauka ikawa ngumu kama kipande cha sabuni. Hapo hata ukifunga nipeli mpya kumi hutapata nafuu.

Njia hiyo huzibuliwa kwa mafuta ya kulainisha kutu au dizeli, yakiachwa yapenye usiku kucha, kisha waya laini. Jambo ambalo watu wengi hulisahau ni uzito. Pini iliyobebeshwa mzigo hubana upande mmoja wa bushi, na huenda upande huo ndio wenye tundu la grisi. Inua kifaa kwa jeki, kiegemeze imara, halafu jaribu tena. Kama una mashine nyingi za zamani, kifaa cha kuzibulia, kile cha silinda ndogo inayojazwa mafuta, kuvalishwa kwenye nipeli na kupigwa nyundo, kina haki ya kununuliwa kabla ya nipeli mpya. Kinaokoa nyingi ambazo zingetupwa bure.

Lakini usijaribu kupapasa kwa kidole kama grisi inatoka. Bomba la mkono la wenzo linaweza kufikisha shinikizo la zaidi ya bar 400, na grisi ya nguvu hiyo hupenya ngozi kupitia kitundu kisichoonekana vizuri. Mwanzoni huenda isiume sana, lakini ni jeraha la kupelekwa hospitali wakati huohuo, kwa kuwa huhitaji upasuaji wa haraka.

Nyuzi kwanza, mengine baadaye

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mashine za Marekani kwa kawaida zina nyuzi za robo inchi zenye meno 28 kwa inchi, au NPT ya 1/8 yenye meno 27 (NPT ni uzi wa Marekani wa mabomba ya kupitishia vimiminika; 1/8 ni jina la saizi, si kipenyo chake). Za Ulaya bara hutumia M6x1, M8x1 na M10x1 (namba ya kwanza ni kipenyo kwa milimita, ya pili ni umbali kati ya meno). Za Uingereza, hasa za zamani, mara nyingi zina BSP ya 1/8, uzi wa mabomba wa Kiingereza, ambao una meno 28. Hiyo ni hali ya kiwandani. Mashine iliyopita mikononi mwa mafundi watatu au wanne inaweza kuwa na aina zote hizo kwenye ekseli moja, kwa hiyo pima kila tundu peke yake, usibahatishe kwa jina la trekta.

Jozi zinazodanganya ni mbili. Ya kwanza ni M6 na robo inchi. M6 ina kipenyo cha milimita 6, robo inchi ina 6.35. M6 itaingia kwenye tundu la robo inchi, itaonekana imeshika, kisha shinikizo la bomba litaing'oa. Ukifanya kinyume, robo inchi kwenye tundu la M6, itazunguka kidogo na kukwama, na ukilazimisha inakata nyuzi. Ya pili ni kundi la M10, NPT na BSP. NPT ya 1/8 ina kipenyo cha karibu milimita 10.3, BSP 9.7, na M10 iko katikati yao. Kwa jicho huwezi kuzitofautisha, na hata kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) inahitaji msaada, kwa sababu nyuzi za nipeli mara nyingi zimechongwa kwa mteremko na kipimo hubadilika ukisogea kutoka juu kwenda chini. Tumia kipimo cha meno ya nyuzi. Ni seti ya vibati vidogo tu, na ndicho kifaa ambacho ningekuomba usikwepe kukinunua.

Saizi ya spana pia inasaidia kidogo: kwa kawaida M6 hufunguliwa kwa spana ya 7, M8 kwa 9, na M10 kwa 11. Tatizo ni kwamba NPT ya 1/8 mara nyingi huwa na kichwa cha inchi 7/16, ambayo ni karibu milimita 11.1, kwa hiyo spana ya 11 haithibitishi kitu.

Chaguo la kwanza: chuma kilichopakwa zinki, ya kufunga kwa nyuzi, iliyonyooka

Kwa kazi nyingi za shamba sioni sababu ya kutafuta kingine. Kichwa chake cha chuma kilichokomazwa hustahimili kung'atwa na mdomo wa bomba mara elfu, zinki huchelewesha kutu, na inapatikana kwa nyuzi zote nilizozitaja. Nunua zile zilizouzwa kwa kipimo kimoja, zikiwa zimeandikwa nyuzi zake wazi. Ukiwa dukani, bonyeza kigololi cha kila moja: kinapaswa kurudi mara moja, bila kuning'inia. Angalia kama nyuzi ni safi, hazina mikunjo, na kama kichwa kiko mviringo sawasawa. Kichwa kilichochongwa vibaya hakishikwi na mdomo wa bomba, na grisi yote huishia kwenye kiatu chako.

Chaguo la pili: hiyohiyo, lakini ya pembe

Inakuja kwa pembe ya digrii 45 au 90, na za Marekani pia hutengenezwa karibu na 67. Nunua pale tu ambapo bomba haliwezi kufika moja kwa moja, kwa mfano kwenye viungo vya shafti ya PTO (inayopeleka nguvu za trekta kwenye kifaa) au nyuma ya gurudumu. Shida yake ni kwamba lazima iishie ikiwa imeelekea unakotaka, na watu huibana kupita kiasi ili igeuke nusu mzunguko zaidi. Ikivunjika humo, utahitaji kitoa skrubu. Pia hakikisha haichomozi hadi mahali ambapo kitu kinachozunguka kitaigonga.

Chaguo la tatu: chuma kisichoshika kutu

Kwa kisambaza samadi, kisambaza mbolea na kifaa chochote kinacholala majini, ningeipandisha iwe ya kwanza bila kusita, maana chumvi za mbolea hula zinki haraka. Mahali pakavu haileti faida inayolingana na gharama. Pia aina nyingi za chuma hiki hazikomazwi kwa moto, kwa hiyo kichwa chake huchakaa mapema kuliko kile cha chuma cha kawaida.

Baada ya hapo yanafuata machaguo ya mahali maalumu. Nipeli za kichwa kipana bapa, za milimita 16 au 22, hufaa pini kubwa zinazokunywa grisi nyingi, kwa kuwa mdomo wa bomba hujifunga na hauponyoki. Zinadai mdomo wake maalumu, hivyo usizichanganye na za kawaida bila sababu. Nipeli za kugongea kwa nyundo, zisizo na nyuzi, nunua tu ikiwa tundu lilitengenezwa hivyo au nyuzi zimekufa kabisa na huna nafasi ya kuzichonga upya. Ile ya shaba ya njano naiweka mwisho kwa mashine ya shamba: kichwa chake ni laini, na bomba la wenzo hukimaliza upesi.

Boksi la mchanganyiko lina nafasi yake kwa mtu anayetengeneza mashine za watu mbalimbali. Kwa mwenye trekta moja na vifaa vyake, utatumia saizi mbili na zilizobaki zitakaa. Kama unanunua boksi, chagua la nyuzi za inchi au la milimita, si la kuchanganya vyote bila alama, maana siku ya haraka ndipo M6 itakapoingia kwenye tundu la robo inchi.

Mashine za zamani sana za Marekani zinaweza kuwa na vichwa vyenye pini mbili pembeni, vya kabla ya umbo la leo kuenea. Umbo hili la leo lilitokana na kazi ya Oscar Zerk, ambaye hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1929. Usiishi na bomba mbili kwa ajili ya vichwa hivyo. Vifungue, pima nyuzi, weka vya kisasa; mara nyingi tundu halihitaji kuguswa.

Ongeza kwenye manunuzi yako vifuniko vya mpira vya vichwa, kwa sababu vumbi lililoganda juu ya kigololi ndilo linalosukumwa ndani mara ya kwanza unapopiga bomba. Nunua nipeli chache za ziada za kila uzi ulioupima, ziweke kwenye kopo lenye kifuniko, na uandike kipimo juu yake kwa rangi isiyofutwa na mafuta.