Una .22 ya zamani? Angalia mdomo wa mtutu kabla hujanunua chochote

Kamwene! Mwaka juzi nilitoa laki nne na nusu kununua darubini ya bunduki ya .22, ile ya risasi ndogo, aliyoniachia marehemu baba huku Mufindi, BRNO Model 2. Leseni ilikuwa imeshahamia kwa jina langu, basi nikabandika karatasi kwenye kichuguu, mita 50, nikapiga kumi. Matundu yakatawanyika kama ulezi uliomwagika. Kumbe darubini yenyewe ni ya bunduki kubwa, imepangwa kwa umbali wa mita 90 hivi. Kwa mita 50 ukisogeza jicho kidogo tu, alama inahama. Nikaivua, nikapiga bila darubini. Yaleyale.

Aliyenifumbua macho ni baba mdogo. Alihakikisha bunduki ni tupu, akatoa bolti, kile chuma cha nyuma kinachofunga risasi ndani, akachukua kijiti chenye pamba akakivuta nje taratibu kwenye ukingo wa mdomo. Nyuzi zikanasa upande mmoja. Miaka yote marehemu alisafisha kwa kusokomeza fimbo kutokea mbele, tena ile ya alumini ya kuunganisha, inayobeba mchanga kama msasa. Ukingo ukilika upande mmoja, gesi huponyokea hapo kwanza, inasukuma kitako cha risasi, nayo inaondoka ikiyumba. Hapo hata ufunge darubini ya dhahabu.

Kwa hiyo katika kuboresha shabaha, namba moja yangu si bidhaa: ni fundi mwenye leseni akate mdomo upya, milimita chache tu. Kisha nunua kamba ya kusafishia, BoreSnake ya Hoppe's, uivute kutoka nyuma kwenda mbele. Na ndiyo maana naipendelea BRNO na mrithi wake CZ 452, sifichi: bolti inatokea nyuma, mtutu unausafisha inavyotakiwa. Ruger 10/22, nayo ni bunduki ya .22, nyuma kumezibwa. Mlio nazo, hiyo kamba ndiyo mkombozi wenu.

Namba mbili, risasi. Chukua CCI Standard Velocity, inatoka kwa mita 326 hivi kwa sekunde, chini ya kasi ya sauti. Zile za kasi huanza juu ya sauti halafu zinashuka chini yake zikiwa njiani, na hapo ndipo zinapotikisika. Eley Tenex ni tamu, ila bei yake ni ya mashindano. Kila mtutu una chaguo lake, jaribu aina mbili tatu, boksi moja moja la risasi 50. Mie nilitajiwa bei mara mbili ya aliyotajiwa mwanaume aliyekuwa mbele yangu, kaunta ileile, boksi lilelile. Nilipouliza, nikaambiwa, "Dada, hii ni ya mumeo?"

Kifyatulio nakiweka namba tatu, ingawa wengi hukikimbilia. Cha BRNO ni kizito kweli, na springi laini si ghali. Ila afunge fundi. Usipige msasa kingo zinazoshikana. Ukizidisha, bunduki inaweza kulia yenyewe ikianguka. Skrubu za kitako cha bunduki, kaza tu.

Darubini ni ya mwisho: ya .22, iliyopangwa kwa mita 46 hivi. Za bei poa huhama alama baada ya risasi chache, siongezi neno. Yangu niliirudisha dukani nikaambiwa mzigo ukishatoka haurudi. Nikadai risiti. Risiti nayo eti ilikuwa imeisha karatasi.