Tangazo la sabuni ndani ya gurudumu la maji

Nyota moja kwa programu hii ya kusikilizia muziki. Huenda nikarudi kuibadilisha nikitulia, lakini leo ni moja.

"Escalay" ya Hamza El Din, mpiga udi na mwimbaji wa Kinubi, iliyotoka kwenye santuri mwaka 1971, inapita dakika 20. Ilichukua upande mzima wa santuri. Jina hilo ni la Kinubi, maana yake gurudumu la kuvuta maji ya Nile yaende shambani: ng'ombe wanazunguka, gurudumu lililolala linauma meno ya lile lililosimama, nalo linashusha kamba ya vyungu mtoni na kuvipandisha vimejaa. Udi unafuata mzunguko huohuo. Kipande kifupi kinarudi, kinarudi tena, kila mara kimeongezwa kitu kidogo au kimepunguzwa, mpaka unaacha kuhesabu na pumzi yako inaanza kwenda na kile kipande. Hapo ndipo penye utamu. Na hapohapo, kama dakika ya 12, uzi mnene umeguswa mara moja ukaachwa ulie wenyewe, akaingia mwanamke anashangilia sabuni ya unga.

Wimbo haukuwa umeisha, wala haujakaribia kuisha! Ilikuwa katikati.

Sababu yake naijua, na ndiyo inayoniudhi zaidi. Baadhi ya huduma za namna hii zikiona sauti imezidi dakika kadhaa huichukulia kama kipindi, na kipindi huwekewa matangazo ndani. Mashine hutafuta mahali palipotulia ipachike tangazo. Kwa mtu anayeongea, sawa, pale ametua. Kwa udi wa Kinubi, pale palipotulia ndipo mkono unaposubiri uzi umalize kulia kabla ya kuuita tena. Kwa hiyo mashine imetafuta kwa bidii sehemu nzuri kuliko zote ikaiuza kwa sabuni.

Nikawaandikia. Jibu la huduma kwa wateja: wimbo wangu ni mrefu kupita kawaida, nijaribu orodha yao ya "muziki laini wa Kiarabu wa kulalia". Wa kulalia! Nilisoma mara tatu.

Kwanza, si wa Kiarabu. Hamza alizaliwa Toshka, kwenye Nubia ya Misri, na nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kinubi. Muziki wa Kinubi kwa kawaida unakwenda kwa ngazi ya sauti tano, bila zile robo, yaani sauti za katikati ya noti mbili jirani, ambazo mpenzi wa taarab anazitega sikio kila udi ukishikwa. Ndiyo maana mtu wa Unguja akisikiliza mara ya kwanza anahisi ni udi ule anaoujua, lakini unazungumza lugha nyingine. Pili, maelezo yao yanasema "muziki wa kale wa udi wa Wanubi", nayo si kweli pia. Ala za zamani za huko ni tari na kisir, kinanda cha nyuzi tano, ndugu wa nyatiti ya Wajaluo. Udi Hamza alijifunza Cairo, ndipo akaupeleka kwenye nyimbo za kwao. Watu wa kwao nao walihamishwa kupisha bwawa la Aswan miaka ya 1963 na 1964, na Toshka yenyewe iko chini ya Ziwa Nasser. Gurudumu la kuvutia maji limezama majini, halafu wewe unaniambia nilalie.

Haya. Nililipia kifurushi cha mwezi, matangazo yakaondoka. Msidhani kazi imeisha, maana mipangilio wanayokupa ni ya nyimbo za dakika tatu.

Anza na ile sehemu ya kuunganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata. Niliikuta kwenye sekunde 8. Weka sifuri, la sivyo udi unapofifia mwishoni unamezwa na kinanda cha mtu mwingine kabisa. Zima pia ile ya kuendelea na nyimbo zinazofanana, kwa sababu kufanana kwao mmeshakuona. Kisha kusawazisha sauti: kama lazima iwepo, isiwe kwenye kiwango cha "kubwa", maana kiwango hicho hubana vilele vya sauti, na mwanzo wa polepole unakaribiana nguvu na mwisho uliojaa. Mpando wote unalala bapa.

Ubora upandishe hadi wa juu kabisa, ila upakue kwanza ukiwa kwenye Wi-Fi. Dakika 21 kwa kilobiti 320 kwa sekunde ni kama MB 50; kwa kilobiti 96 ni kama MB 15. Nafuu ya bando inaonekana, lakini kinachopotea ni mkwaruzo wa unyoya wa kupigia juu ya uzi na ule mng'aro wa nyuzi za jozi. Udi wa kawaida una nyuzi 11, jozi tano na mmoja mnene peke yake, na jozi hazilingani sawasawa kabisa, ndiyo maana sauti inameta. Ukibana sana, kumeta kunageuka kama maji ya bomba.

Spika ya simu isahau. Uzi mnene, udi ukikazwa kwa kawaida ya Kiarabu, hushuka hadi karibu mitetemo 65 kwa sekunde, na spika ya simu haifiki huko. Utasikia kivuli chake tu. Tari ndiyo inaumia zaidi. Tari la Kinubi halina visahani kama matari yetu ya maulidi: ni ngozi na ubao. Pigo la katikati linavuma, la ukingoni linalia kavu. Kwenye simu linabaki la ukingoni peke yake, utadhani mtu anabisha hodi. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinatosha.

Sasa hapa nakiri. Nilipoweka yote hayo, simu kwenye hali ya ndege, ile "Escalay" ilikuwa safi kuliko santuri yoyote chakavu niliyowahi kuisikia. Hakuna mchakacho. Sauti ya Hamza inaingia chini kabisa, bila kujitutumua, kama mtu anayeimba asimwamshe mtoto, na unasikia vidole vikihama kwenye shingo ya udi. Nilitaka kuwapa nyota nne. Nikaandika tatu.

Kisha programu ikajisasisha yenyewe, na sekunde 8 zikarudi. Udi ukawa unafifia, nikiwa nimefumba macho, kikaingia kinanda.

Kila ikijisasisha, fungueni mipangilio kabla ya wimbo. Nyota ni moja, kama nilivyosema.